Picha za Basingstoke ya zamani: anza na namba za magari

Dada, umeuliza utajuaje picha kumi na mbili ulizonunua mnadani ni za mtaa upi wa Basingstoke, mji wa jimbo la Hampshire kusini mwa England, na za mwaka gani, maana umezunguka mjini na huoni kinachofanana nazo. Hutaona! Mwaka 1961 mji ulikubali kupokea maelfu ya watu kutoka London, na miaka hiyohiyo ya 60 sehemu kubwa ya katikati, upande wa bondeni, ikabomolewa kupisha maduka mapya.

Shika kilichobaki. Tafuta mnara wa kanisa la St Michael. Bado upo, jirani na maduka ya Festival Place. Juu kilimani, ukumbi wa zamani wa mji ndio leo makumbusho ya Willis.

Kisha chukua kioo cha kukuzia usome namba za magari. Ukikuta herufi tatu, tarakimu, halafu C mwishoni, gari limesajiliwa 1965, kwa hiyo picha haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Herufi hizo za mwisho, za kuonyesha mwaka, zilianza 1963. Mabango ya maduka nayo yanasaidia: linganisha majina yake na vitabu vya Kelly, orodha za zamani za anwani zilizotaja wafanyabiashara mtaa kwa mtaa. Hifadhi ya nyaraka ya Hampshire iko Winchester, si mbali.

Ukipata jibu, liandike nyuma ya picha kwa penseli laini. Mimi niliandika kwa kalamu nyuma ya picha ya babu, na leo ana tarehe shavuni.