Nyaraka za Siku Tano na Maswali Mengine ya Wajenzi wa Mifumo

Barua za safari hii ni nyingi, na zaidi ya nusu zinauliza jambo lile lile kwa maneno tofauti. Nimechagua hizi.

Mwalimu, naomba unitajie hatua zote za kuunda mfumo wa taarifa wa kompyuta na maana ya kila moja. Nahitaji kabla ya Ijumaa.

Upembuzi yakinifu, uchambuzi, usanifu, uandishi wa programu, majaribio, uwekaji, matengenezo. Maana zake zimo katika kitabu ulichopewa darasani. Nikuongezee moja tu: nyaraka si hatua ya nane. Ukikuta orodha inayoziweka mwishoni, kama vile ni kufagia baada ya sherehe, ifunge.

Upembuzi yakinifu na uchambuzi si kitu kimoja?

Si kimoja. Upembuzi unauliza kama mfumo ujengwe. Uchambuzi unauliza ufanye nini.

Mfumo wetu wa ghala umekamilika na mteja ameukubali. Sasa anadai nyaraka, na zimebaki siku tano. Una kiolezo unipatie?

Ninavyo, na sikupi. Kiolezo kitakusaidia kujaza kurasa, na kurasa zilizojazwa kwa siku tano ndizo zinazowapotosha watu miaka mitano baadaye.

Anayeandika mwishoni huandika kilicho mbele ya macho yake: majedwali ya hifadhidata, picha za skrini, majina ya vitufe. Hayo yote mtu anaweza kuyaona mwenyewe akifungua mfumo. Asichoweza kukiona ni kwa nini bidhaa iliyorudishwa haihesabiwi hadi siku ya pili, nani aliamua hivyo, na ni njia gani nyingine mliikataa. Mliyajua hayo siku mliyoketi na mteja. Leo hata wewe unabahatisha. Mali bila daftari hupotea bila habari, na maamuzi nayo ni mali.

Kila hatua ina waraka wake, nao huzaliwa humo humo. Uchambuzi huacha orodha ya mahitaji yenye saini ya mteja. Usanifu huacha michoro ya mtiririko wa data (data inatoka wapi na kwenda wapi) na kamusi ya data (maana ya kila kipengele). Majaribio huacha kumbukumbu ya ulichojaribu, ulichotarajia na kilichotokea. Winston Royce aliyaandika haya mwaka 1970, katika makala ile ile ambayo watu huitaja kama chimbuko la mtindo wa maporomoko, yaani kumaliza hatua moja kabla ya kushuka kwenye inayofuata. Wengi wamenakili mchoro wake wa ngazi bila kusoma maneno yaliyoufuata, kwamba kwenda hivyo moja kwa moja ni hatari na kunakaribisha kushindwa. Alisema pia kwamba katika hatua za mwanzo nyaraka ndizo usanifu wenyewe. Kwa makadirio yake, kifaa cha dola milioni 5 kinatoshwa na maelezo ya kurasa 30, ilhali programu za thamani hiyo hiyo zinahitaji kurasa 1,500. Sikutumi uandike 1,500.

Siku zako tano zitumie hivi. Achana na picha za skrini. Pekua barua pepe na kumbukumbu za vikao, chomoa kila uamuzi, andika tarehe yake, aliyeuamua na sababu. Penye sababu iliyopotea, andika "sababu haijulikani." Utaona aibu, lakini atakayekuja baada yako atajua pa kukanyaga kwa uangalifu.

Kiongozi wa timu yetu anasema tunafanya kazi kwa ajaili (agile, kujenga kwa vipande vidogo na kurekebisha njiani), hivyo nyaraka hazihitajiki. Ni kweli?

Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka. Tamko la ajaili, lililoandikwa na watu 17 huko Utah, Marekani, Februari 2001, linasema wanathamini programu inayofanya kazi kuliko nyaraka za kina. Mwishoni linasema vile vilivyowekwa upande wa pili navyo vina thamani. Tamko lenyewe halijazi hata nusu ukurasa, kwa hiyo kiongozi wako hana kisingizio cha kutolimaliza.

Msimbo mzuri, yaani maandishi ya programu, hujieleza wenyewe. Kwa nini unatusumbua na maandishi?

Hujieleza unafanya nini. Kwa nini unafanya hivyo, hausemi.

Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ulaya ya Ariane 5 katika safari yake ya kwanza iliacha njia na kulipuka kabla ya dakika moja kutimia. Sehemu ya programu yake ilirithiwa kutoka Ariane 4, na namba ya biti 64 ikalazimishwa kuingia kwenye nafasi ndogo zaidi, ya biti 16. Ikafurika. Wajenzi walikuwa wamebaini vigeu saba (thamani zinazobadilika ndani ya programu) vyenye hatari hiyo, wakavilinda vinne na kuviacha vitatu, wakiamini havitafikia ukubwa huo. Kwa mwendo wa Ariane 4 walikuwa sahihi. Tume ya uchunguzi haikukuta sababu ya uamuzi huo ndani ya msimbo, na ikaona kwamba wingi wa nyaraka za mradi ulikuwa umeifunika machoni pa wakaguzi. Kwa hiyo wapenda makabrasha nao wasinishangilie. Uamuzi uliozikwa kwenye kabrasha na uamuzi ambao haukuandikwa vina tofauti ndogo sana siku ya msiba.

Tunaweza kuzima mfumo wa zamani Ijumaa na kuwasha mpya Jumatatu?

Mnaweza. Benki ya TSB ya Uingereza iliwahamisha wateja zaidi ya milioni 5 mwishoni mwa wiki moja ya Aprili 2018. Wengi wakashindwa kuzifikia akaunti zao, mambo yakatulia Desemba, na mwaka 2022 ikatozwa faini ya pauni milioni 48.65.

Kama mfumo wenu unaandikisha vitabu 200 vya maktaba, zimeni. Kama unagusa fedha, dawa au mishahara, endesheni yote miwili sambamba hadi hesabu zilingane, au anzeni na tawi moja. Makarani watalalamika kwamba wanaingiza kitu kimoja mara mbili. Waacheni walalamike. Na ambalo hamkuuliza: maagizo ya kurudi kwenye mfumo wa zamani yameandikwa wapi, na nani ameyajaribu?

Mwongozo wa mtumiaji aandike nani?

Yeyote ambaye hakuandika programu. Kisha mpe karani mgeni, simama nyuma yake na ufunge mdomo. Kila atakapogeuka kukutazama, hapo pana sentensi ya kurekebisha.

Aliyejenga mfumo wetu ameondoka bila kuacha hata karatasi. Tuujenge upya?

Msikimbilie huko. Kwanza hakikisheni mna nakala rudufu inayorejesheka kweli, mna msimbo wenyewe, na mna nywila zote. Kisha andikeni kinachoingia, kinachotoka, na kinachojiendesha usiku bila mtu kugusa. Msiamini kwamba kipande kinachoonekana kimekufa kimekufa. Knight Capital, kampuni ya Marekani ya biashara ya hisa, ilikuwa na kipande cha msimbo ambacho haikukitumia tangu 2003, ikaipa swichi iliyokiwasha kazi mpya, na tarehe 1 Agosti 2012 seva moja kati ya nane ikawa haikupata programu mpya. Kipande kikaamka. Katika dakika kama 45 zilipotea zaidi ya dola milioni 400. Hapakuwa na utaratibu wa maandishi uliomtaka mtu wa pili akague kazi ya aliyeweka programu.

Na fundi mtakayemwajiri, mkataba useme malipo ya kila hatua hutoka pamoja na waraka wa hatua hiyo. Niliwahi kujenga mfumo chini ya mkataba usio na kifungu hicho. Una miaka kumi na mmoja sasa, na bado napigiwa simu Jumapili.