Biashara pamoja na Fizikia
Umeuliza, mama, kama mwanao anaweza kusoma Biashara bila kuacha Fizikia. Anaweza: mwanafunzi wa kidato cha tatu haachi Fizikia kwa kuchagua Biashara, kwa kuwa mtihani wa KCSE, ule wa kitaifa wa kumaliza sekondari Kenya, hudai angalau sayansi mbili na haumzuii anayetaka zote tatu (Fizikia, Kemia na Biolojia) kuongeza Biashara juu yake. Nimelifundisha somo la Biashara hapa Mombasa, na kikwazo nilichokiona ni ratiba tu, maana baadhi ya shule huyaweka masomo hayo mawili katika kipindi kimoja, hivyo muulize mwalimu wa taaluma mapema. Biashara ina karatasi mbili za mtihani, bila maabara, ilhali Fizikia ina tatu. Lakini asiidharau Biashara, kwani leja (daftari la hesabu) isiyolingana humla mtahiniwa nusu saa nzima.