Maswali ya uchumi na biashara: faida ipo, fedha ziko wapi?

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa wanaoanza, wa mwaka wa kwanza chuoni na wachache wa sekondari. Nimechagua saba. Nilipozisoma mfululizo niliona kosa moja limevaa nguo tofauti: mtu anaikamata tarakimu na kuanza kubishana nayo kabla hajauliza ni ya lini, na imeandikwa katika daftari la nani.

Mwalimu, shikamoo. Kitabu chetu kinasema kampuni inaweza kupata faida na kufilisika mwaka huohuo. Ukipata faida, fedha si zipo?

Marahaba. Si lazima ziwepo. Faida huandikwa siku unapokabidhi mzigo. Fedha huingia siku unapolipwa. Kati ya siku hizo mbili ndipo biashara nyingi hufia.

Mchukue seremala. Mwezi unaanza akiwa na 700,000 mkononi. Ananunua mbao za laki sita, taslimu. Tarehe 20 anakabidhi madawati kwa mteja waliyekubaliana kwamba atalipa milioni moja baada ya siku 90. Mwisho wa mwezi anawalipa vibarua laki moja. Mpigie hesabu: mauzo 1,000,000, toa mbao 600,000, toa vibarua 100,000, inabaki faida ya 300,000. Mfukoni je? Sifuri kamili. Mwezi wa pili unaingia, mwenye jengo anabisha hodi akitaka kodi, na seremala hana cha kumpa isipokuwa karatasi inayosema mteja atamlipa milioni.

Sasa jambo ambalo wanafunzi wengi hawalitegemei. Mteja mwingine akija na oda kubwa mara tatu ya ile, kwa masharti yaleyale, hali ya seremala inakuwa mbaya zaidi. Anahitaji mbao za 1,800,000 leo, ilhali malipo ya kwanza bado yako mbali. Biashara inayokua upesi kwa kuuza kwa mkopo hula fedha kadiri inavyokua, na mwenyewe anaweza kuzama huku kila mwezi daftari likimpongeza.

Ndiyo maana wahasibu hutoa taarifa tatu badala ya moja. Taarifa ya mapato inasema umepata faida au hasara kiasi gani katika kipindi fulani, tuseme mwaka. Mizania inaonyesha una nini na unadaiwa nini siku moja tu, kama picha iliyopigwa usiku wa mwisho wa mwaka. Taarifa ya mtiririko wa fedha inafuata fedha zenyewe: zimetoka wapi, zimekwenda wapi. Uwezo wa kulipa kinachodaiwa sasa huitwa ukwasi. Seremala wetu ana faida, mali yake ni kubwa kuliko madeni, ila ukwasi hana.

Kinyume chake pia hutokea. Anayekusanya ada ya mwaka mzima mwezi wa kwanza anaweza kuwa na fedha tele huku anapata hasara, na hasara yake isionekane hadi fedha hizo ziishe.

Darasani tumefundishwa kwamba fedha zikiingia, tunadebiti akaunti ya fedha. Lakini nikiweka fedha benki, ujumbe unasema akaunti yangu “imekreditiwa”. Nani anakosea?

Hakuna. Swali hili nina undugu nalo, kwa sababu nilipokuwa mwanafunzi lilinipotezea alama katika mtihani wa kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki.

Taarifa ya benki si daftari lako. Ni ukurasa wa daftari lao waliokuchapishia. Ukiweka laki moja, katika daftari lako hiyo ni mali yako iliyoko benki, nawe unaidebiti. Kwao laki hiyohiyo ni deni, maana wewe ndiye unayewadai, na deni likiongezeka hukreditiwa. Wakati huohuo wao nao wamedebiti fedha zilizoingia kwao. Tukio ni moja, madaftari ni mawili, na kila daftari limebaki na pande zake zikiwa sawa.

Kinachowachanganya wengi ni kudhani debiti ni kupungukiwa na krediti ni kujaliwa. Achana na hayo. Debiti ni upande wa kushoto wa akaunti, krediti ni wa kulia, basi. Mali na gharama huongezeka kushoto; madeni, mtaji na mapato huongezeka kulia. Anayesisitiza kupata maana ya ndani zaidi ya hapo kwa kawaida anajichosha.

Utaratibu huu ni wa zamani. Mtawa na mwanahisabati Luca Pacioli aliueleza katika kitabu kilichochapishwa Venice mwaka 1494, na hata yeye hakuubuni. Alikuwa anaandika namna wafanyabiashara wa huko walivyokuwa tayari wakitunza vitabu vyao.

Bei ikipanda, mahitaji hushuka. Mahitaji yakishuka, bei hushuka. Bei ikishuka, mahitaji hupanda tena… Mzunguko huu unaishia wapi?

Unaishia pale utakapogundua kwamba neno “mahitaji” umelitumia kwa vitu viwili.

Tuseme ni miavuli. Kwa bei ya 10 watu watanunua 400 kwa wiki. Kwa bei ya 12 watanunua 350. Kwa bei ya 15, 250. Jedwali hilo lote ndilo mahitaji. Ile 400 au 350 ni kiasi kinachohitajika kwa bei moja tu. Bei ikitoka 10 kwenda 12, umehama mstari ndani ya jedwali lilelile, na jedwali lenyewe halijaguswa. Sasa masika yaanze: kwa bei ileile ya 10 inatakiwa miavuli 600, kwa 12 inatakiwa 540. Hapo jedwali zima limeandikwa upya, na kwa kuwa iliyopo dukani haitoshi, bei inasukumwa juu.

Kwa hiyo sentensi yako ya kwanza inahusu kiasi, ya pili inahusu jedwali. Ukizitenganisha, duara linakatika. Kipimo changu ni hiki: kama kilichobadilika ni bei ya bidhaa hiyohiyo, jedwali limebaki palepale. Kama ni hali ya hewa, kipato cha watu, au bei ya makoti ya mvua, jedwali limehama.

Tumeambiwa mfumuko wa bei umeshuka kutoka asilimia 8 hadi 5. Mbona hakuna kitu kilichoshuka bei?

Mtoto aliyerefuka sentimita 8 mwaka jana na 5 mwaka huu hajawa mfupi.

Kapu la bidhaa lililokuwa 100 lilifika 108 baada ya mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili limepanda asilimia 5, lakini asilimia 5 ya 108, si ya 100, kwa hiyo ni 5.40. Sasa ni 113.40. Takwimu inayotangazwa kila mwezi kwa kawaida hulinganisha mwezi huu na mwezi kama huu mwaka uliopita. Haisemi lolote kuhusu bei unazozikumbuka za miaka mitano nyuma, na wala haiahidi kuzirudisha.

Ili bei zishuke kweli, kasi hiyo ingebidi iende chini ya sifuri. Usiitamani sana. Marekani bei zilishuka kwa takribani robo kati ya 1929 na 1933. Aliyekuwa na kazi na hana deni alipata nafuu kidogo. Aliyekuwa na deni aliona mapato yake yakipungua na deni likibaki na tarakimu ileile, na wakulima wengi walinyang’anywa mashamba kwa namna hiyo.

Na mshahara wako ukiongezwa asilimia 4 mwaka ambao bei zimepanda 5, umepunguzwa. Barua ya pongezi haibadilishi hesabu.

Nimesoma miaka miwili kozi nisiyoipenda. Nikiacha si nitakuwa nimepoteza miaka hiyo na ada yake?

Imekwisha kwenda, ukiacha au ukiendelea. Wachumi huiita gharama iliyozama, na kosa ni kuiingiza katika uamuzi wa leo. Linganisha yaliyo mbele tu: ukiendelea, utatoa ada gani na muda gani zaidi, na utapata nini, ukiacha, muda huohuo ungeufanyia nini. Hicho unachokikosa kwa kuchagua kimoja ndicho gharama ya fursa.

Nisieleweke kwamba nakwambia uache. Kama umebakiza mwaka mmoja na cheti kitakufungulia milango, hesabu ya mbele inaweza kukwambia umalize. Hiyo ni sababu nzuri ya kumaliza. “Nimeshatoa ada” si sababu.

Kuna njia ya kujua fedha zitaongezeka mara mbili lini bila kikokotoo?

Gawanya 72 kwa kiwango cha riba. Riba ya asilimia 6 kwa mwaka, miaka 12. Asilimia 9, miaka 8. Ni makadirio, lakini yanatosha. Kanuni hii imo katika kitabu kilekile cha Pacioli.

Kuwa makini na kipindi, hasa ukiwa wewe ndiye mkopaji. Asilimia 10 kwa *mwezi* ina maana deni linakuwa mara mbili kwa miezi saba na siku kadhaa. Laki moja usiyoilipa kabisa, riba ikizaa riba, inafika karibu 314,000 baada ya mwaka. Wanaozidisha 10 mara 12 hutegemea 220,000.

Hatifungani, yaani hati ya mkopo ulioipa serikali, inalipa riba isiyobadilika na serikali imeahidi kurudisha fedha zote. Bei yake inashukaje?

Tuseme unayo ya 100,000 inayolipa asilimia 10, na umebaki mwaka mmoja: utapokea 110,000. Leo serikali imetoa mpya zinazolipa asilimia 12. Hakuna atakayekupa 100,000 kwa yako, maana kwa fedha hizo anapata 112,000 kwingine. Atakupa kiasi ambacho kikikua kwa asilimia 12 kinafika 110,000, yaani gawanya kwa 1.12: takribani 98,200. Kama ingekuwa imebakiza miaka 10, kwa hesabu ileile bei ingeshuka hadi karibu 88,700. Muda ukiwa mrefu, maumivu ni makubwa.

Ukiishika hadi siku ya mwisho unalipwa yote uliyoahidiwa, kwa hiyo wengi husema hasara hiyo ni ya kwenye karatasi. Ni kweli, kama hutalazimika kuuza. Mwanzoni mwa Machi 2023, Silicon Valley Bank ya Marekani ilihitaji fedha, ikauza hatifungani na dhamana nyingine za takribani dola bilioni 21 kwa hasara ya karibu dola bilioni 1.8. Habari zilipotoka, wenye amana walikimbilia fedha zao, na tarehe 10 benki ikafungwa. Riba ya hatifungani zile ilikuwa inaendelea kulipwa kama kawaida.