Unataka kuuza matunda ya kukata Dar? Friji iache kwanza

Juzi kuna dada wa Tabata kaniandikia inbox, kapokea mchezo na anataka kununua friji la kioo aanze kuuza matunda ya kukata kwenye kontena kama mimi, anauliza achukue la ukubwa gani. Nikamjibu usinunue. Akaninunia, akaona namzibia riziki. Sasa ngoja nieleze hapa kwa kirefu, maana wanaouliza hili swali ni wengi na najua humu karibu wote tunatafuta cha kufanya kuliko kukaa kusubiri ajira.

Mi nilianza na deli. Deli la kawaida tu la aiskrimu, meza ya kuazima pembeni ya soko, na chupa za maji za lita moja na nusu ambazo nilikuwa nazigandisha kwa jirani usiku kucha. Usimwage barafu humo, ikiyeyuka maji yanaingia kwenye kontena na hujui yametoka bomba gani wala kisima gani. Chupa ikiyeyuka unarudi nayo nyumbani unagandisha tena, hela haijatoka. Watu walinicheka jamani, hasa niliosoma nao, eti dada mzima na diploma yake anamenya mananasi sokoni. Leo baadhi yao wananipigia simu wanaomba niwaingize kazini. Nimeshamchukua mmoja, na simsemi vibaya, anajua kukata.

Miezi ya mwanzo siwachoshi nayo, ilikuwa ya kusukuma tu. Kilichonifikisha hapa ni baridi na saa, basi. Tunda zima linalindwa na ganda lake, ukishalikata umelivua nguo, kila kidudu kinaingia, na tikiti na papai ndio hatari zaidi kwa sababu hazina ukali kama nanasi. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula cha kuharibika kisikae nje ya baridi zaidi ya saa 2, na baridi yenyewe iwe chini ya nyuzi 5. Kwa jua la Dar la Februari hata hizo saa mbili mi siziamini. Halafu tikiti linaoshwa KABLA ya kukatwa, hapa wengi wanaruka, wanasema si tunatupa ganda, sasa kisu kimepita kwenye udongo wa shambani kikaingia mpaka moyoni, umetupa nini hapo?

Nanasi nafuata soko la Mabibo alfajiri, la Kiwangwa likiwepo sihangaiki na lingine. Linuse kitakoni, likinukia utamu chukua, likinukia kama pombe mwachie mwenyewe. Tikiti liweke kontena yake, linatoa maji na kuwalowesha wenzake, mteja akifungua anakuta mchuzi. Ndizi na parachichi zinakuwa nyeusi haraka, mi nazikata mteja akiwa amesimama mbele yangu.

Sasa nije kwenye lililoniuma. Nilipoanza kujulikana minimarket moja, jina naliacha, wakaniomba niwapelekee kontena kila jioni kwa mali kauli, wauze ndio wanilipe. Friji lao zuri, linawaka taa, wateja wenye magari, nikasema hapa nimetoka kimaisha. Wiki za mwanzo mambo mazuri. Baadae nikaanza kurudishiwa mzigo, meneja ananiambia mbele ya wateja dada matunda yako mabovu. Nikashangaa, mbona yale yale niliyokata pamoja nayo sokoni yanaisha na hakuna anayelalamika? Siku moja nikawahi kabla hawajafungua, mlinzi akaniruhusu. Friji kimya. Mlango una jasho kwa ndani, vifuniko vya kontena vimevimba juu kama chapati kwenye kikaango, tikiti limeanza utelezi. Walikuwa wanazima friji usiku kuokoa umeme wa LUKU! Asubuhi wanawasha, mteja akija anakuta baridi, anajua ni fresh. Nilipomuuliza meneja akanijibu kwani umeme unalipa wewe. Hela yangu ya mzigo ule mpaka leo sijaiona na nikipita pale nageuza shingo.

Ndio maana namwambia mtu usikimbilie friji, la kwako wala la mwenzako. Friji bila mtu makini ni kabati tu. Ukifika wakati wa kununua, weka kipimajoto ndani, usiamini ile namba ya kwenye kitufe. Na kata kidogo, kikiisha kata tena, kontena ya kulala usiiuze hata kama ni ya buku mbili, wape watoto nyumbani asubuhi ile ile au mwaga. Vijana wa siku hizi tunataka faida ya mwezi ndani ya siku moja, hela ya mikeka ya kubeti ipo ila ya glavu na dawa ya kutibia maji tunaona ni hasara, halafu kikija kipindupindu matunda ya kukata ndio ya kwanza kupigwa marufuku na tunalia serikali inatuonea. Tujirekebishe wenyewe jamani. Kapime afya, funga nywele, kata kucha, Mungu hambariki mchafu.

Na anayetaka kuingia supermarket kubwa ajue wataulizia vibali vya TBS, yaani Shirika la Viwango, maana tangu 2019 mambo ya chakula yametoka TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, yakahamia huko. Anzia SIDO, lile shirika la serikali la viwanda vidogo, wana utaratibu wa kuwasaidia wajasiriamali wadogo. Mali kauli kataa, au wakulipe nusu mzigo unaposhuka.

Kwa Ramadhani mchana usijipe tabu. Mi naanza kukata saa tisa, saa kumi na moja kontena ziko mezani watu wakitoka makazini wanabeba za futari. Ila papai na tikiti zinapanda bei mwezi ule, ongea na mtu wako wa sokoni mapema akuwekee.