Kabla hujamlipa mtabiri, mwombe daftari lake

Mleta mada, umeuliza mambo mawili kwa mpigo: kama kuna binadamu anayeweza kujua yajayo, na kama jamaa anayeuza "mechi za uhakika" kwenye kundi lenu, ambaye amepatia nane mfululizo, anastahili pesa yako. Mimi nimekula mshahara wa kutabiri kwa miaka mingi. Si kwa nyota wala ramli. Kazi yangu ilikuwa kukadiria bidhaa zitakazotoka ghalani msimu ujao, zisiishe mapema na zisituozee. Najibu kutokana na niliyoyaona huko.

Kwanza elewa kwamba kesho haina giza la aina moja. Mwanafalaki Mwingereza Edmond Halley alisema nyotamkia iliyoonekana mwaka 1682 ingerudi karibu na 1758. Alifariki 1742, nayo ikaonekana tena Desemba 1758. Mfaransa Clairaut, aliyejumlisha mvuto wa Jupita na Zohali, alikuwa amekadiria ingelikaribia jua kabisa katikati ya Aprili 1759. Ikapita Machi 13. Kwa safari ya miaka 76 hivi, kosa la mwezi mmoja ni dogo mno.

Ukija kwenye hali ya hewa, mambo yanabadilika. Mwaka 1961 mtaalamu wa hali ya hewa Edward Lorenz alirudia hesabu kwenye kompyuta yake, akaingiza 0.506 badala ya 0.506127, na baada ya muda hali ya hewa ya kwenye karatasi ikawa nyingine kabisa. Tangu hapo wataalamu wamejua kuwa kosa dogo la leo linakua hadi linameza utabiri wote, na ukivuka wiki mbili hivi habari za siku moja moja hazina maana tena. Walichofanya ni cha busara: wanaendesha hesabu ileile mara nyingi, kila mara wakigeuza kidogo hali ya mwanzo. Ikiwa hesabu 35 kati ya 50 zinaleta mvua, wanasema 70%. Watu huwacheka mvua isiponyesha, ilhali aliyesema 70% alishakwambia kwamba mara tatu kati ya kumi utabaki mkavu.

Matetemeko ya ardhi ndiyo magumu zaidi. Pale Parkfield, California, yalikuwa yakirudi kila baada ya miaka 22 hivi, wanasayansi wakatega vyombo wakilitarajia jingine kabla ya 1993 kwisha. Lilikuja Septemba 2004.

Sasa tuje kwa watu, maana siasa, uchumi na mpira ni watu. Mwanasaikolojia Philip Tetlock alikusanya utabiri wa wataalamu 284 kwa takriban miaka ishirini, akatoa matokeo yake mwaka 2005. Kwa wastani walishindwa hata na kanuni nyepesi za aina ya "mambo yataendelea yalivyo". Waliokuwa wakiitwa sana na vyombo vya habari ndio waliofanya vibaya zaidi. Waliofanya vizuri kidogo walikuwa wale wa "ndiyo, lakini", wanaochota hoja huku na huku na kubadili mawazo polepole habari mpya zinapoingia. Watu wa namna hiyo hawapendezi kwenye runinga.

Hilo nililiona kazini kila bidhaa mpya ilipoletwa. Watu wa mauzo walikuja na simulizi tamu: wateja wanaisubiri, mshindani amelala, bei ni nzuri. Kila kipande kilikuwa na ukweli wake. Mimi nilikuwa na swali moja la kuudhi: bidhaa mpya zilizopita ziliuzaje miezi mitatu ya kwanza? Unaanza na wastani wa zilizotangulia, kisha ndipo unaongeza au kupunguza kwa sababu ya hii iliyo mbele yako. Wanasaikolojia Kahneman na Tversky waliandika juu ya jambo hili mwaka 1979, kwamba mtu akipanga shughuli yake hutazama mpango wake tu na kusahau mipango ya wenzake iliishia wapi. Jumba la opera la Sydney lilitarajiwa kumalizika 1963 kwa dola milioni 7 za Australia. Lilifunguliwa 1973, likiwa limekula milioni 102.

Lakini kilichobadilisha ofisi yetu hasa ni daftari. Kila utabiri uliandikwa kabla, ukiwa na tarehe na asilimia, kisha tukaupa alama kwa njia aliyoieleza Glenn Brier mwaka 1950 kwa ajili ya watabiri wa hali ya hewa. Ni hesabu fupi: jambo likitokea ni 1, lisipotokea ni 0, unatafuta tofauti yake na asilimia uliyosema, kisha unaizidisha kwa yenyewe. Ukisema 90% na jambo likatokea, unapata 0.01, lisipotokea, 0.81. Ukisema 60%, ni 0.16 au 0.36. Alama ndogo ndiyo nzuri, na mwenye kujitapa anaadhibiwa vikali. Aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote vikaoni alianza kusema 65% kwa upole. Aliyeongoza kwa alama alikuwa mtunza stoo, mtu ambaye hakuwahi kualikwa kwenye kikao cha mipango.

Na daftari si jambo jipya. Miaka zaidi ya 3,000 iliyopita, wafalme wa nasaba ya Shang huko China walipiga ramli kwa mifupa na magamba ya kasa, wakachonga swali, jibu, na wakati mwingine hata matokeo. Mfalme Wu Ding alitaja siku ambazo mkewe Fu Hao akijifungua itakuwa heri. Chini yake pameandikwa kuwa alijifungua baada ya siku 31, na haikuwa heri, kwa sababu mtoto alikuwa wa kike. Ubaguzi wao tuuweke kando. Hao jamaa waliandika hata pale mambo yalipokwenda kombo.

Turudi kwa muuza mechi. Kupatia nane mfululizo kwa kurusha sarafu ni bahati ya moja kati ya 256. Pweza Paul, yule wa Ujerumani aliyekuwa akichaguliwa mshindi wa mechi, alipatia nane zote alizopewa kwenye Kombe la Dunia la 2010, na hakuna aliyemwomba ushauri wa hisa. Chukua watu 25,600, nusu watumie ujumbe wa "mabao yatazidi mawili", nusu "hayatazidi". Waliopata la uwongo waache, waliobaki wagawe tena. Baada ya mechi nane una watu 100 wanaokuona mtume. Wala si lazima awe tapeli: wauzaji wakiwa maelfu, lazima wachache wao watapatia tu.

Kuna jambo jingine: odds, yaani namba ambayo dau lako huzidishwa nayo ukishinda. Mechi yenye odds 1.25 inachukuliwa kuwa na nafasi ya 80% hivi. Kupatia nane za namna hiyo ni karibu 17%, yaani mtu mmoja kati ya sita, bila ujuzi wowote. Kwa hiyo mwambie akuonyeshe utabiri wake wote wa miezi sita, uliotumwa kabla ya mechi, pamoja na zile alizofuta, kila moja na odds zake za siku ile. Piga hesabu ungepata au kupoteza kiasi gani kwa kuweka dau lilelile kila mara. Kisha njoo uweke namba hapa tuzitazame.