Mkojo Unanivuja Baada ya Upasuaji wa Tezi Dume: Je, Swala Yangu Inasihi?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mzee wa miaka 67, naishi Tanga. Tangu nifanyiwe upasuaji wa tezi dume, mkojo unanitoka wenyewe, hasa nikikohoa, nikiinuka au nikirukuu. Navaa pampasi. Nimeacha kwenda msikitini, hata Ijumaa, kwa kuogopa kuunajisi. Naikumbuka pia hadithi ya watu wawili wanaoadhibiwa kaburini, mmoja kwa ajili ya mkojo. Swala moja naweza kuirudia mara tatu. Je, nina swala?

JAWABU: Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh. Mzee wangu, swala unayo, na msikitini una nafasi yako. Usirudie tena swala uliyoiswali ipasavyo.

Bibi Fatima binti Abi Hubaysh alimlalamikia Mtume (s.a.w.) kuwa damu haimkatiki. Mtume alimwambia kuwa ile si hedhi. Siku zake za hedhi zikipita aoshe damu aswali, na atawadhe kwa kila swala. Hakumwambia angoje mpaka apone. Wanazuoni wakamlinganisha naye mtu asiyeweza kuzuia mkojo, hukumu yao ikawa moja. Na imepokewa kuwa Zayd bin Thabit, aliyekuwa akimwandikia Mtume wahyi, alipozeeka mkojo ulimshinda: akiuzuia awezavyo, na ukimzidi akitawadha na kuswali. Basi ikiwa sahaba wa daraja ile alipatwa na hili, wewe unaona haya ya nini?

Katika madhehebu ya Imam Shafi, tunayoyafuata wengi hapa pwani, fanya hivi. Ngoja wakati wa swala uingie. Jisafishe, vaa pampasi safi, kisha tawadha bila kukawia, ukinuia kuhalalishiwa swala. Kitakachotoka baada ya hapo kimesamehewa, hata kikitoka ukiwa umesujudu. Kwa udhu huo utaswali faradhi moja na sunna uzitakazo. Faradhi nyingine ikija, unaanza upya, pampasi na udhu. Lakini kama unajua kuwa ndani ya wakati huwa unakauka kiasi cha kutosha udhu na swala, ungojee muda huo. Na ikiwa ukisimama unavuja na ukikaa unazuilika, swali umekaa, wala hutairudia swala hiyo.

Huenda unajiuliza: mwenye udhuru kama wangu hutakiwa aswali mara tu baada ya udhu, sasa nikitawadha nyumbani, si nitachelewa kuswali? Mafaqihi wetu wameliona hilo zamani. Wamesema kuchelewa kwa maslahi ya swala yenyewe, kama kujisitiri au kungojea jamaa, hakudhuru. Kwa hiyo tembea mpaka msikitini, kaa, ngojea ikimiwe. Kinachokatazwa ni kuuchafua msikiti, na pampasi isiyopitisha imekuondolea hofu hiyo.

Ile hadithi ya kaburini ni sahihi, lakini haikusemi wewe. Yule bwana hakuwa akijikinga na mkojo. Wewe unaosha, unavaa, unabadilisha. Kujikinga ni kupi zaidi ya huko? Allah amesema, “Basi mcheni Mwenyezi Mungu kiasi muwezavyo.” Kurudia swala mara tatu ni mlango wa wasiwasi, na nimeona watu wema wakichoshwa na wasiwasi mpaka swala ikawa mzigo kwao. Usijichunguze katikati ya swala.

Nakusihi pia urudi kwa daktari aliyekupasua. Mtume (s.a.w.) amesema Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameteremsha na dawa yake. Baada ya upasuaji wa tezi dume wanaume wengi huvujwa na mkojo, na kwa wengi hupungua kadiri wiki na miezi inavyopita. Yako mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, ile unayoikaza unapokata mkojo, mwombe akufundishe. Mwambie pia ukihisi maumivu au ukiona damu. Wala usiache kunywa maji ili ukae mkavu, maana mkojo mzito hukisumbua kibofu zaidi.

Wazee wenzako wakikuomba uwaswalishe, kauli yenye nguvu kwetu ni kuwa swala yao nyuma yako inasihi. Madhehebu mengine hayakubali, basi akiwepo mzima anayejua kusoma, mtangulize yeye.

Ijumaa hii, adhuhuri ikiingia, jisafishe, tawadha, utoke. Kaa safu ya pembeni karibu na mlango ukipenda, ili ukihitaji kutoka usiwapite watu shingoni.

Wallahu aalam.