Kuhamisha ghala la Nyakato kutoka kampuni moja kwenda nyingine

Kaka, kwamba kampuni zote mbili ni zako hakubadilishi kitu. Kisheria ni watu wawili tofauti, kwa hiyo ghala linahama kama linavyohama kwa mauzo ya kawaida, na TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) wataangalia bei ya soko hata ukiandika shilingi moja.

Anza na upekuzi wa hati ofisi ya ardhi, yaani kuangalia nani mmiliki na kama kuna deni. Kama benki bado ina rehani, hapo safari inasimama mpaka iondolewe. Lipa pia pango la ardhi lote. Kisha bodi za kampuni zote mbili zipitishe maazimio, na mthamini aliyesajiliwa atoe ripoti iidhinishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali.

Gharama kubwa ni kodi ya faida. Tuseme ulilinunua kwa milioni 200 na sasa linathaminiwa milioni 320. Faida ni milioni 120; kwa kampuni mkazi wa Tanzania kikodi, malipo ya awali ya asilimia 10 ni milioni 12, ila hiyo si kodi ya mwisho ya kampuni. Risiti za ukarabati zitapunguza hiyo faida, zitafute hata kwenye maboksi ya zamani! Ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya thamani, yaani milioni 3.2. Kama kampuni inayouza imesajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), muulize mhasibu mapema, maana ghala ni jengo la biashara na asilimia 18 si mchezo.

Wakili aandae hati ya uhamisho, ipate idhini ya Kamishna wa Ardhi, kisha isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Na kama wanahisa wengi wa kampuni inayopokea ni wageni wasio raia, usisaini chochote kabla ya kumwona wakili: Sheria ya Ardhi ya 1999 inawaruhusu kumiliki ardhi kwa uwekezaji tu.